Masaa Hamsini ya Lydie

Jumamosi ile Lydie alirudi kutoka kwa Alfani kabla ya saa sita, akaingia na viatu mpaka katikati ya mkeka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utoto. Mama yake, Mama Orpha, alikuwa ameketi akichambua pondu, majani ya muhogo, kwenye beseni. Akatazama viatu, kisha akatazama uso, na habari ya viatu akaiacha.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa, mama. Mimi njo nimekufa. Masaa yangu iko munane."

"Munane ya nini?"

Lydie akajitupa chini na kueleza. Cheti chake cha kuunganisha na kulinda kompyuta, kile alichokishangilia miaka mitatu iliyopita kwa kuku wawili na kasha la soda, hakikuwa cheti cha kudumu. Waliokitoa, watu wa mbali ambao hakuna aliyewahi kuwaona, walitaka kila mwenye nacho asome tena masaa hamsini ndani ya miaka mitatu. Asiposoma, cheti kinakufa. Na Lydie alikuwa amesoma! Miaka miwili, kila Jumamosi, alikuwa kwa Alfani, fundi wa kompyuta wa avenue ya nyuma, mwenye paneli za jua na internet isiyokatika. Walikuwa watu sita au saba kwenye viti vya plastiki, mbele ya skrini moja. Djamila, mke wa Alfani, aliwaletea chai ya tangawizi na mikate ya moto, wakasoma, wakabishana, wakachekana. Leo kwa mara ya kwanza Lydie alifungua ukurasa wake mwenyewe ahesabu. Alfani alikuwa na masaa sabini na zaidi. Lydie alikuwa na manane tu, yale aliyosoma peke yake kwenye simu alipolala na malaria.

"Lakini ulikuwa pale," Mama Orpha alisema. "Batu bote balikuona."

"Batu baliniona. Mashine haikuniona. Iliona jina ya Alfani, ju ni yeye alifungua mulango. Sisi wengine tuliingia nyuma yake kama kuku."

Ni nani angewaza hivyo? Katika mji huu wa Kisangani mtu hatazami kitu peke yake. Iwe mpira, iwe mahubiri, iwe picha za harusi ya shangazi, mmoja anafungua na wote wanatazama, na wote wameona.

Dady, mume wa Lydie, aliingia na vumbi la mbao kwenye nywele. Kwa heshima ya mama mkwe hakumwelekea Mama Orpha moja kwa moja. Alizungumza na mke wake, na mama akawa anasikia.

"Donc Alfani alikunywa chai na masaa yenu pamoja?"

"Dady, usicheke."

"Sicheki. Imebaki siku ngapi?"

"Munane. Siku ya yenga, ile Jumapili ingine, saa kumi na mbili ya mangaribi, wanafunga."

Hapo Dady aliacha kutabasamu. Lydie alikuwa fundi wa shirika moja la chanjo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha friji za Yanonge, za Yangambi na za vituo vingine vya mtoni zinapeleka habari ya joto lao hadi depo ya mjini. Mkataba wake ulisema fundi lazima awe na cheti kilicho hai. Siku cheti kinapokufa, mkataba nao unakufa. Na nyumba ile iliishi kwa mkataba ule. Mbao za Dady zilileta chumvi na sabuni.

* * *

Kesho yake, baada ya kanisa, Alfani alikuja mwenyewe. Alibeba modemu yake ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka mezani kama mtu anayeleta kuku wa fidia.

"Lydie, dada yangu, ile ni kosa yangu. Chukua hii, itumie mpaka siku ya yenga. Bon, tena iko na njia ingine." Akashusha sauti, ingawa hakukuwa na mgeni. "Attestations zangu zote, zile karatasi za masomo, iko kwa kompyuta. Kubadirisha jina ni dakika mbili. Natoa Alfani, naweka Lydie."

"Hiyo ni uongo," Mama Orpha alisema.

"Mama Orpha, uongo iko wapi? Hakuwa pale? Hakukunywa chai ya Djamila? Mwaka muzima alikuwa anakaa mbele yangu na kile kitambaa kikubwa ya kichwa, siwezi kuona skrini!"

Lilikuwa jambo la kweli lililotaka kuvaa nguo ya uongo. Lydie ndiye aliyejibu.

"Kila attestation iko na namba yake, Alfani. Bakiangalia, tunakufa wote wawili. Acha. Nitasoma."

Alisoma alasiri yote ile mpaka macho yakawa mekundu. Lakini Jumatatu ilikuwa kazini, Jumanne kazini, na kutoka kazini alibakiza masaa matatu tu ya maana kabla hajaanza kusinzia. Hesabu ilikataa kila alipoigeuza. Basi Jumatatu asubuhi, akiwa tayari amevaa mkoba begani, alimketisha mama yake mbele ya kompyuta.

"Mama, somo itajitembeza yenyewe. Kisha kila dakika makumi mbili itakuuliza kama mutu iko hapa. Unaona? Itaandika *Êtes-vous toujours là*? Na chini, *Oui*, ndiyo. Unafinya *Oui*. Ni ile tu."

"Inaniuliza mimi ao inakuuliza weye?"

"Mama, nachelewa."

Naye akaenda.

* * *

Mama Orpha alifinya. Alikuwa amesoma mpaka darasa la tano kwa wamisionari wa Yanonge, na Kifaransa chake kilikuwa cha kanisani na cha sokoni, lakini mwalimu wa kwenye skrini alisema polepole, na kila kitu alikirudia mara tatu kama anayezungumza na watoto. Kwa hiyo, bila kutaka, akaanza kusikiliza. Mikono ikichambua mchele, masikio yakawa shuleni.

Na kukaa vile, peke yake na sauti inayotoka kwenye sanduku, kulimrudisha Yangambi.

Marehemu mume wake, Papa Émile, alikuwa mtu wa phonie, ile redio ya kusemezana kati ya stesheni na stesheni. Alijifunza mara moja, miezi sita, akapewa cheti, brevet yenye muhuri mwekundu, akaitia kwenye fremu. Siku ile walicheza mpaka bibi arusi wa jirani akaacha karamu yake na kuja kwao. Kila asubuhi saa moja Papa Émile alikaa, shati limepigwa pasi, akaita: Isangi, unanipata? Basoko, unanipata? Na sauti zikaja juu ya mto na juu ya msitu, zikipasuka kama mafuta kwenye kikaango. Wanawake walikusanyika dirishani na watoto mgongoni. Kwa njia ile walijua nani amejifungua, boti gani imekwama kwenye mchanga, bei ya mchele Basoko. Mama Orpha alimletea ndizi na samaki wa kuchoma, akasimama mlangoni muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kwa ajili tu ya kumsikia mume wake akisema "Yangambi anasikiliza" kwa ile sauti ambayo nyumbani hakuwa nayo. Nyasi za stesheni zilikuwa zimekatwa sawasawa. Jioni kulinuka kahawa. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwuliza Papa Émile kama bado anajua kazi yake.

Kisha simu za mkononi zikafika, na stesheni zikanyamaza moja baada ya nyingine. Basoko ikanyamaza. Isangi ikanyamaza. Papa Émile aliendelea kwenda. Alipangusa mashine vumbi, akakaa, akaita, akangoja. Mwaka mzima. Fundi kijana wa mtambo wa simu alipopita alimwambia, papa, njoo ujifunze hizi mpya, ni wiki tatu tu. Papa Émile alimwonyesha fremu ukutani. "Mimi nilisha kusoma," alisema.

Mama Orpha alifinya *Oui*. Aliwaza kwamba karatasi ya Lydie ilikuwa na heri moja: ilikuwa na tarehe. Ile ya mume wake ilikufa ukutani na hakuna aliyemwambia.

* * *

Jumanne jioni, baada ya siku mbili za kufinya, Lydie aliketi kujibu maulizo ya mwisho ya masomo yale aliyoyasikia mama yake peke yake. Hakurudi kutazama lolote. Alibahatisha. Akikosa, alirudia na kubahatisha jibu la pembeni, mpaka rangi ya kijani ikatokea.

"Hii haujasikia," Mama Orpha alisema nyuma yake. "Mwalimu aliieleza vizuri sana."

"Mama, haiko lazima kujua. Iko lazima kupita."

Alisema kwa kucheka, kama mtu aliyechoka anavyocheka. Mama Orpha hakucheka.

Asubuhi ya Jumatano alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, mbali na kompyuta.

"Leo sifinye."

"Mama, apana. Usianze."

"Sifinye."

"Umefinya siku mbili! Mungu alikuwa amelala?"

"Alikuwa ananingojea niamuke."

"Ah, mama!" Lydie alipiga mapaja yake. "Bon. Alors utaona na macho yako wanaleta mutu ya Kinshasa anakaa kwa kiti yangu ya kazi. Tutakula maombi."

"Ile masaa kumi na mbili ni yangu, Lydie. Mimi njo nilikuwa hapa. Weye haukuwa."

Lydie aliondoka bila kuaga. Dady, aliyekuwa akijifanya kutafuta msumari, aliutafuta kwa bidii zaidi.

Hapo Mama Orpha akafanya kile ambacho mama pekee angeweza kukifanya. Alivaa pagne ya kanisa, kitenge chake kizuri, akapanda toleka, akamwambia mwenye baiskeli ampeleke kwenye ofisi ya chanjo. Aliona jambo lilikuwa wazi: mtoto amekosa muda, muda uko mkononi mwa mkubwa wake, basi mkubwa aombwe.

Mlinzi wa geti alimwuliza anauza nini. Nadège wa mapokezi alimwelekeza kwenye benchi kati ya makasha matupu, na hapo akakaa hadi kivuli cha ukuta kikamfikia miguuni. Watu waliingia na kutoka. Mmoja alimpa karatasi akidhani ni mfagizi. Hatimaye akaitwa.

Administrateur Aboubakar, mkubwa wa Lydie, alikuwa mtu safi, mwenye ndevu zilizochongwa. Alisimama kidogo, akaketi, akaendelea kutazama simu yake.

"Karibu, maman. Kuna nini?"

"Nakuja kuomba siku ine kwa mutoto yangu Lydie. Asome."

"Congé, siku za kupumuzika, inaombwa siku kumi na tano mbele, maman. Na ju ya nini alingojea mwisho?"

Mtu mwingine angejibu nusu. Mama Orpha hakuwa na nusu. Alieleza viti vya plastiki vya Alfani, alieleza masaa manane, na alipofika kwenye Jumatatu na Jumanne hakuruka. Alisema ni yeye aliyefinya.

Aboubakar aliweka simu chini.

"Maman, unajua kitu umeniambia?"

"Najua."

"Haujui. Friji ya Yanonge inaniambia iko baridi. Mimi siko Yanonge. Naamini ju Lydie iko katikati. Sasa unaniambia Lydie anaweza kusema iko, na haiko." Akainua sauti kuelekea mlangoni. "Nadège! Muite Lydie."

Lydie aliingia, akaona pagne ya mama yake kabla hajaona uso, na akaelewa yote. Alisimama kama mwanafunzi mbele ya wote wawili, mlango ukiwa wazi, Nadège akisikia. Aboubakar alisema polepole. Masaa kumi na mawili yafutwe leo, mbele yake. Alhamisi na Ijumaa apumzike bila kulipwa. Jumapili jioni amtumie picha ya ukurasa. Kama hamsini hayakutimia, Jumatatu alete funguo za ofisi.

"Na usinishukuru," alisema. "Shukuru huyu maman. Ningelisikia kwa mutu mwingine, ungelileta funguo leo."

Lydie alifuta. Barabarani alitembea mbele, haraka, na mama yake nyuma, hatua ishirini kati yao, mpaka nyumbani.

* * *

Siku nne Lydie hakumwambia mama yake neno. Alisalimia kwa kichwa. Chakula alikipokea kutoka mkononi mwa Dady, ingawa Dady alikuwa amekipokea kutoka mkononi mwa Mama Orpha, hatua mbili tu pale.

Lakini Mama Orpha hakuondoka. Aliweka kigoda chake nyuma ya kiti cha Lydie, akakaa: kuchambua, kushona, kusali bila sauti. Umeme ulipotea mara mbili, na Dady akakimbia na betri ya karakana kichwani. Wageni walipokuja aliwazuia kwenye ua.

"Lydie iko opitali," Dady alimwambia Georgette wa jirani.

"Dady!" Mama Orpha aliita kutoka ndani. "Sema iko nasoma."

"Iko nasoma," Dady alisema. "Kama mutoto wa darasa la sita. Miaka makumi tatu na ine. Na siku akimaliza, wanamurudisha tena."

Jumapili Mama Orpha alikwenda ibada ya kwanza, akarudi kabla ya matangazo, kitu ambacho mchungaji hakuwahi kukiona kwake. Lydie alikuwa na masaa arobaini na mawili. Saa sita mchana, arobaini na matano. Saa kumi na moja na robo jioni likabaki somo moja, na somo lile lilikuwa limekwisha. Yalibaki maulizo yake kumi. Ruhusa ilikuwa kukosa mawili. Ukikosa la tatu, somo linaanza upya, saa nzima, na saa nzima haikuwepo tena.

Lydie alikosa la pili. Alikosa la saba. La kumi likaja.

Mama Orpha alisogea. Lilikuwa somo la Jumanne, lile alilolisikia peke yake na leo amelisikia mara ya pili. Ulizo: kompyuta moja ya ofisi imeingiwa na programu mbaya inayofunga mafaili. Cha kwanza utafanya nini? Kuzima mashine haraka. Kutoa waya wa mtandao na kuiacha ikiwaka. Kupigia mkubwa. Kufuta mafaili.

Yeye alijua. Alipomsikia mwalimu siku ile alijisemea: hii ni mtoto wa surua. Unamtenga na wenzake. Humzimi.

Kidole cha Lydie kilikwenda kwenye kuzima. Kisangani nzima ingekwenda pale. Umeme ukicheza, mkono unaruka kwenye swichi kabla kichwa hakijajua. Kila mtu amelelewa hivyo, na Lydie alikuwa amechoka mpaka mifupani. Kidole kilikaa pale.

Mama Orpha alifungua mdomo. Nyumba yote ilikuwa kwenye ulimi wake: funguo, chakula, mtu wa Kinshasa. Neno moja tu. Mashine isingesikia, Aboubakar asingesikia. Akashika ncha ya pagne, akaitia katikati ya meno, akauma.

"Ngoja," Lydie alisema, lakini hakumwambia mtu. Alikuwa anasema na skrini. "Nikizima… nikizima sioni iliingia wapi. Na zile zingine zinabaki zimeungana." Akafumba macho. "Friji zote."

Kidole kikashuka mstari mmoja. Akafinya.

Kijani.

Ukurasa ukazunguka, ukakaa. Hamsini. Chini yake tarehe mpya, miaka mitatu mbele. Lydie hakupiga kelele. Alipiga picha ya ukurasa, akaituma kwa Aboubakar, akageuka kwenye kiti. Pagne ya mama yake ilikuwa bado mdomoni.

"Mama," alisema, na lilikuwa neno la kwanza tangu Jumatano. "Ulikuwa unajua?"

Mama Orpha alitoa kitambaa. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."

"Na ulinyamaza."

"Ilikuwa ulizo yako."

"Ningelikosea? Mama! Tungelilala njaa!"

"Tungelilala njaa," Mama Orpha alikubali.

Kicheko kikamtoka Lydie ghafula, kicheko kibaya cha mtu asiyelala, akateremka kutoka kwenye kiti na kuweka kichwa chake kwenye mapaja ya mama yake, akicheka na kulia bila kuchagua. Mama Orpha aliweka mkono kwenye nywele zake, ambazo kwa siku nne hazikusukwa.

"Lydie!" Dady aliita kutoka uani, alikokuwa amefukuza hata kuku. "Imepita ao haikupita? Niko nakufa hapa!"

Mama Orpha alitaka kuitika. Lydie alimshika mkono.

"Acha kwanza," alisema. "Angoje kidogo. Na yeye aone."